AMANA YA BINTI
Somo juu ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeweka maradhi akaweka na dawa yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Suala la somo hili ni moja. Binti wa Kiislamu amefika miaka 9, na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi imeletwa skuli au kituo cha afya kilicho karibu naye. Je, baba yake ampeleke, au amzuie? Wako wazuiao, na hoja yao ni haya na heshima ya nyumba. Haya ni katika imani, hapana abishaye. Walakini yapasa kutazamwa kama haya hiyo imewekwa mahali pake, au imewekwa mahali ambapo binti ndiye atakayeilipa kwa roho yake.

MARADHI YENYEWE

Saratani kwa Kiarabu ni kaa, yule wa pwani. Maradhi yaliitwa kwa jina lake kwa kuwa hushika nyama ya mwili na kuenea pande zote kama miguu ya kaa. Saratani ya mlango wa kizazi huanza pale chini ya tumbo la uzazi, mahali mtoto apitapo akizaliwa. Mwanzo wake haina maumivu wala dalili. Mwanamke hupika, hulima, hulea, naye hajui. Zikija dalili, nazo ni damu isiyo ya mwezi, uchafu wenye harufu na maumivu ya kiuno, mara nyingi maradhi yamekwisha kwenda mbali.

Sababu yake ilifichikana zama nyingi. Mwaka 1983 tabibu wa Kijerumani, Harald zur Hausen, na wenziwe walivipata virusi vya papiloma, viitwavyo HPV, ndani ya saratani hii, na mwaka 2008 akatunukiwa tunzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Leo ni yakini ya kwamba karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na virusi hivi. Aina zake ni nyingi, na aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo ziletazo kama saratani 70 katika kila 100.

Virusi hivi hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na aghlabu ni katika kukutana mwanamume na mwanamke. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, huvipata wakati fulani katika umri wao, na mwili huvishinda wenyewe katika muda wa miaka miwili hivi, na mtu asijue kama alikuwa navyo. Lakini kwa baadhi ya wanawake hubakia, vikaharibu polepole, mpaka baada ya miaka 15 au 20 ikawa saratani. Mwanamke aliye na virusi vya ukimwi, khatari yake ni mara sita, na muda wake huwa mfupi zaidi.

Kwa makadirio ya mwaka 2022, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania huugua maradhi haya kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 hufa. Hapana saratani nyingine iwapatayo wanawake wa nchi hiyo kwa wingi kama hii. Nao si vikongwe waliokwisha kulea. Wengi wao ni mama wenye watoto ambao bado wawahitaji.

KWA NINI MFANO WA SHANWE

Ili jambo lionekane wazi, na achukuliwe mzazi aishiye Shanwe, katika mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Hapo ni magharibi ya Tanzania, ng'ambo ya Tabora, kuelekea Ziwa Tanganyika. Watu wa pwani wazijua njia za huko tangu zama za misafara ya Tabora na Ujiji, na mpaka leo wako wenye jamaa na biashara katika miji hiyo. Shanwe imechaguliwa kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni umbali. Saratani ikikomaa huhitaji mionzi, na hospitali zenye mitambo ya mionzi ni chache. Iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na iko Bugando, Mwanza. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Mwanamke mgonjwa hutoka kwake, akaacha watoto kwa jirani, na mumewe akauza ng'ombe au shamba, naye aweza kufika wakati dawa haifai tena. Kwa mtu wa mbali kama huyu, kinga si anasa, kwa kuwa tiba haiko karibu naye.

Sababu ya pili yatia uchungu kuitaja, lakini kuificha hakufai. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015–16, wasichana 45 katika kila 100 wa mkoa wa Katavi, wenye miaka 15 hadi 19, walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba. Katika Tanzania nzima walikuwa 27. Hapakuwa na mkoa ulioizidi Katavi. Katika hao wako walioozwa mapema, wako waliokosea, na wako waliodhulumiwa. Basi mzazi asemaye, "Binti yangu ni mdogo, mambo haya yako mbali naye," hesabu ya mkoa wake yamkanusha.

Wala asidhani mtu wa Lamu, au Tanga, au Unguja, kwamba khabari za Shanwe hazimhusu. Virusi havichagui baina ya pwani na bara, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

CHANJO NI NINI

Nahodha hukalafati chombo chake kikiwa juu ya mchanga. Hangoji mpaka maji yaingie katikati ya bahari. Chanjo ni mfano wa kalafati hiyo. Haitibu aliyekwisha kuingiwa na virusi. Humwandaa asiyevipata bado, ili mwili wake uvijue na kuvipinga siku vitakapokuja. Ndiyo maana hupewa wasichana wadogo, wenye miaka 9 hadi 14. Si kwa sababu yadhaniwa kuwa wamekosa lo lote, bali ni kinyume chake: hupewa wakati huo kwa kuwa hawajakutana na virusi, na kinga ya mwili wao hushika vizuri zaidi katika umri huo.

Chanjo ya kwanza ya namna hii iliruhusiwa mwaka 2006. Tanzania ilianza kwa majaribio katika mkoa wa Kilimanjaro mwaka 2014, na mwaka 2018 ikaenezwa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili. Mjini Mwanza, wanavyuoni wa tiba waliwachunguza wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wajue kama sindano moja yatosha. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, wasichana zaidi ya 95 katika kila 100 waliopata sindano moja walikuwa na kinga ya aina ya 16 na ya 18. Mwaka huo huo yalitoka matokeo ya Kenya, kwa wanawake vijana 2,275 wa Nairobi, Thika na Kisumu: sindano moja ilizuia maambukizo mapya ya kudumu ya aina hizo mbili kwa kiasi cha 97 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani likakubali mwaka 2022 kuwa sindano moja yaweza kutumiwa, na Aprili 2024 Tanzania ikageuka kutoka sindano mbili ikawa moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hutolewa bila malipo.

Na matunda yake yamekwisha kuonekana huko ilikotangulia. Uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, saratani hii ilipungua kwa 87 katika kila 100. Huko Scotland, uchunguzi wa mwaka 2024 haukumpata hata mmoja mwenye saratani hii katika waliochanjwa kwa umri huo.

HUKUMU YAKE

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kujitibu ni sunna. Atakayesema, "Hiyo ni dawa ya mgonjwa, na binti huyu hana ugonjwa," jawabu lake liko katika hadithi iliyo sahihi ya tende za ajwa: aliyekula saba asubuhi, Mtume (S.A.W.) aliwafunza kuwa sumu wala uchawi havitamdhuru siku hiyo. Huyo hajaugua bado, naye hutumia sababu ya kujikinga. Wanavyuoni wametoa katika hadithi hiyo dalili ya kuwa kinga kabla ya maradhi yajuzu kama dawa baada yake.

Atakayesema, "Lililoandikwa litakuwa," na ampitie Sayyidna Umar (R.A.). Alikuwa njiani kwenda Sham, akapata khabari ya tauni, akarudi na watu. Akaulizwa kama yuakimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwa maana ya kwamba yuatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine ya huyo huyo Mungu. Kutumia sababu si kupungukiwa na tawakali. Mkulima hupanda ndipo akaomba mvua.

Tena sharia imekuja kuhifadhi mambo matano, nayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Na hivyo ndivyo alivyoyapanga Imamu Ghazali. Saratani hii yavunja matatu katika hayo: yaua nafsi, yakata kizazi kwa kuwa mara nyingi tumbo la uzazi hukatwa au huunguzwa kwa mionzi, na yamaliza mali ya nyumba. Izzuddin bin Abdussalam, naye ni katika wakubwa wa Kishafii, aliifananisha tiba na sharia, kwa kuwa zote mbili zimewekwa kuleta maslaha na kuondoa madhara.

Na watu wa pwani wana jambo walifanyalo kila mwaka bila kushindana. Atakaye kuhiji hachukui safari ya Makka ila amekwisha kuchanjwa chanjo ya uti wa mgongo. Ni sharti la serikali ya Saudia. Mahujaji hudungwa wakiwa wazima, na hapana shekhe aliyesema kuwa wamekosa tawakali. Hukumu ya sindano ya baba aendaye Hija na hukumu ya sindano ya binti wake ni moja.

Basi chanjo hii yajuzu, tena yapendeza. Si nguzo ya dini, wala asiyeipata si mwenye dhambi. Lakini walii hana ruhusa kumwendesha mtoto kwa matakwa yake. Mwendo wake umefungwa na maslaha ya mtoto. Mwenye kuzuia kwa sababu ya maana, kama binti anayeumwa siku hiyo au aliyepata kudhurika vibaya kwa chanjo iliyopita, na ashauriane na tabibu. Mwenye kuzuia kwa uvumi tu amejitwika dhima, na atakayeumia si yeye.

SHAKA NNE NA MAJIBU YAKE

Shaka ya kwanza: chanjo humfungulia binti mlango wa zina. Jawabu: zina imeharamishwa kwa amri ya Mungu, si kwa khofu ya saratani. Binti aliyelelewa kwa khofu ya Mungu hatamwasi kwa ajili ya sindano aliyodungwa na miaka 9, na asiyelelewa hazuiwi na maradhi ya miaka 20 mbele ambayo hata jina lake hajalisikia. Yaliyochunguzwa katika nchi nyingi hayakuonyesha kuwa waliochanjwa walibadili mwenendo.

Tena liko jambo kubwa kuliko hilo. Virusi hivi vyaweza kwenda njia yote ndani ya halali. Mwanamume huoa mjane aliyefiwa, navyo vilikuwa kwa marehemu mumewe. Au mtu ana wake wawili, na mmoja aliolewa kabla akaachwa kwa talaka ya sharia. Mwanamume huvibeba bila dalili, kisha akaoa bikira aliyetunzwa na wazee wake, na yule bikira akavipata usiku wa halali yake. Huyu hakukosa lo lote, na baba yake hakukosa katika malezi. Basi mwenye kusema, "Binti yangu mwema haihitaji," amesahau kwamba wema wa binti haumchunguzi mume wala mke aliyemtangulia. Wala haifai kumtuhumu mwanamke aliyepata saratani hii. Tuhuma hiyo yakaribia kusingizia, na khatari ya kumsingizia mwanamke aliyejihifadhi inajulikana.

Shaka ya pili: chanjo huua kizazi. Jawabu: kamati ya Shirika la Afya Duniani iangaliayo usalama wa chanjo iliitazama khabari hiyo mwaka 2017, baada ya dozi zaidi ya milioni 270 kugawanywa duniani, na haikupata dalili ya ugumba. Maudhi yajulikanayo ni maumivu ya mkono, homa ndogo na kichwa kuuma. Wako wasichana wazimiao kwa kuiogopa sindano, ndiyo maana huambiwa wakae kama dakika 15. Mdhuriko mkubwa wa mwili kuikataa dawa ni nadra, chini ya wawili katika dozi milioni. Kinachokata kizazi ni saratani yenyewe.

Shaka ya tatu: imetoka kwa wasio Waislamu, na haijulikani ndani mna nini. Jawabu: ile iliyoanza kutolewa Tanzania haina virusi vilivyo hai. Ni ganda tupu la virusi, nalo hukuzwa katika hamira, ndugu ya ile itiwayo katika mahamri. Ama kutoka kwa wasio Waislamu, Mtume (S.A.W.) katika safari ya Hijra aliongozwa njia na mtu ambaye hakuwa Mwislamu, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu katika kazi yake. Nayo imepokewa kwamba Imamu Shafii alisikitika kuwa Waislamu wameiacha elimu ya tiba wakawaachia wengine. Aionaye haya kupokea dawa kwa wengine na awasomeshe watoto wake utabibu. Huko Malaysia, nchi ya madhehebu haya haya ya Shafii, baraza la fatwa liliijuzisha chanjo hii, na tangu mwaka 2010 wasichana huipata katika skuli.

Shaka ya nne: uchi na saumu. Jawabu: sindano hudungwa juu ya mkono, karibu na bega, na mzazi ana haki ya kuomba muuguzi mwanamke. Asipopatikana, vitabu vya madhehebu, kama Minhaji ya Imamu Nawawi, vimeruhusu kutazama na kugusa kwa ajili ya tiba, kwa kadiri ya haja. Na saumu haivunjiki kwa sindano ya msuli, kwa kuwa haikuingia ndani kwa tundu iliyo wazi.

WAJIBU WA WANAUME

Kisa cha Ali Maow Maalin kina mafunzo. Alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Benadiri. Alikuwa karibu na chanjo ya ndui kila siku, naye akaikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Oktoba 1977 akashikwa na ndui, naye ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata kwa maambukizo ya kawaida. Mungu akamponya. Baadaye akaingia katika kazi ya kupiga vita maradhi ya kupooza nchini kwake, akiwahimiza wazazi wachanje watoto, akiwasimulia yaliyompata, mpaka akafa mwaka 2013. Ndui ilikwisha duniani kwa chanjo, na ilikwishia pwani hii hii, kwa watu wa madhehebu haya haya.

Mwanamume ndiye mwenye neno katika nyumba nyingi, basi na dhima ni yake. Yampasa kwanza ajue miaka ya mabinti zake, kisha aulize katika kituo cha afya siku ya chanjo. Binti asiyesoma skuli, aliye chuoni tu au aliye machungani na mifugo, asisahauliwe, kwa kuwa wachanjaji wakienda skuli hawatamwona. Binti aliye na virusi vya ukimwi aonwe na tabibu, kwani yeye huhitaji zaidi ya sindano moja.

La pili ni mkewe. Chanjo hii si ya mama aliyekwisha kuzaa. Yeye ana njia nyingine, nayo ni uchunguzi, kuanzia miaka 30, na kabla ya hapo akiwa na virusi vya ukimwi. Katika vituo vingi muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe, pakatibiwa kabla hapajawa saratani. Jambo hili ni la sitara zaidi kuliko sindano, basi na atafutwe muuguzi mwanamke. Lakini mume asimwambie mkewe angoje mpaka aumwe. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.

La tatu ni nafsi yake. Ajihifadhi yeye mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye apitishaye virusi kutoka nyumba hata nyumba.

Na wenye kuleta chanjo nao wana wajibu wao. Wasiingie katika mtaa kama watu wa siri. Waanze kwa wazazi, na walimu wa vyuo, na maimamu wa misikiti, waeleze chanjo ni nini, yazuia nini na haizuii nini, na maudhi yake ni yepi. Mzazi akiuliza, ajibiwe kwa adabu. Kuuliza si ujinga, ni haki ya mwenye amana.

KHULASA

Saratani hii huletwa na virusi, na virusi hivyo vyaweza kumfikia hata mke asiyejua ila mumewe. Chanjo huzuia sehemu kubwa yake ikitolewa mapema. Kujikinga hakupingani na tawakali. Uvumi wa ugumba haukuthibiti. Na haya ya kweli ni mtu kumwonea haya Mola wake kwa kuipoteza amana aliyopewa, si kuyaonea haya maneno ya majirani.

Binti wa Shanwe mwenye miaka 9 leo hawezi kujichagulia. Neno litakalomkinga au kumwacha wazi litatoka kinywani mwa baba yake, na matokeo yake yatamfikia akiwa mama wa watu, pengine baba huyo yuko kaburini. Basi na alitoe neno hilo kwa elimu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.